Nusu Aliyoiacha Parth

Harilal Jethwa, mwenye duka la kupiga chapa pale Mchafukoge, alikuwa mtu wa utaratibu mpaka anaudhi. Kufuli la juu kwanza, la chini baadaye. Udi mbele ya picha ya mungu wao, Lakshmi, halafu feni, halafu redio. Mteja aliyefika kabla redio haijawashwa alisubiri barazani, hata angekuwa waziri. Lakini tangu mwanawe afariki kulikuwa na jambo moja lililoutangulia hata udi, na jambo hilo hakumwambia mtu. Aliwasha kompyuta, akavuta kiti, akasubiri imuulize.

Maana kompyuta ile ilikuwa na swali. Kabla haijafungua chochote ilitoa kioo cheusi chenye maneno mawili, moja chini ya jingine: baba, parth. Ukiandika baba, inafungua Windows na unafanya kazi yako ya kadi kama kawaida. Ukiandika parth, mistari myeupe ya Kiingereza inaanza kuteremka, mingi na ya haraka, kisha inafika mahali inasimama. Hapo hakuna kinachoendelea tena. Unazima, unawasha upya, unaandika baba.

Harilal aliandika parth kila asubuhi. Alikaa akaitazama mistari mpaka iliposimama, ndipo akazima, akawasha tena, akaandika jina lake yeye. Halafu udi. Evarista, mfanyakazi wake, alipofika alikuta duka linanukia na mzee anapangusa meza, na akadhani siku imeanza kama siku nyingine.

Tuseme ukweli, mzee huyu hakuwa mpenzi wa kompyuta. Alizaliwa ghorofani, juu ya duka hilohilo, na usingizi wake wa utotoni ulitikiswa na mashine ya chapa ya baba yake. Nyumba ilipotaifishwa, familia ikawa mpangaji ndani ya nyumba iliyoijenga yenyewe. Ndugu zake wakafunga mizigo wakaenda Uingereza. Yeye alibaki, na akiulizwa kwa nini alijibu kwamba mashine ya chapa haiingii kwenye ndege. Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Hakujua angekuwa nani mahali pengine.

Kazi aliyoijua ilikuwa ya herufi za madini ya risasi. Unasimama mbele ya kabati la vijumba vidogovidogo, unachukua herufi moja moja, unapanga jina la bwana harusi kuanzia nyuma, unalikaza kwenye fremu, unachapa. Na kadi ikishachapwa, fremu inafunguliwa siku hiyohiyo, kila herufi inarudi kijumbani kwake, kwa sababu harusi ya kesho nayo inataka herufi. Hakuna kinachowekwa. Harusi ya Wahaya na msiba wa Wangoni vilitumia A ileile, na haikumdhuru mtu. Mteja akirudi mwakani akitaka tena, unapanga upya. Harilal alifanya hivyo tangu ujana mpaka mvi, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kuvunja kazi iliyokwisha bila kuuliza kichwa.

Zikaja enzi za ruksa. Biashara ya nje ikafunguliwa, Kariakoo ikajaa vitu ambavyo zamani ulivisikia kwa mabaharia tu, na kila mtaa ukaota duka la kadi zenye rangi na picha ya maharusi. Nani tena angetaka kadi nyeusi na nyeupe ya Mzee Harilal? Parth, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyemsukuma. Alimganda baba yake mwaka mzima, mpaka ikanunuliwa kompyuta ya kuunganishwa iliyotoka Dubai, pamoja na skana na printa ya rangi. Duka likapumua. Mzee akajifunza polepole, kwa kidole kimoja, akilaumu kibodi kwa kutopangwa kama kabati lake.

Kisha Parth akaja na sidii aliyopewa na rafiki yake wa chuo kikuu, Mlimani. Ilikuwa mfumo mwingine, Linux, wa bure. Alitaka kuuweka ukae pamoja na ule wa zamani ndani ya mashine moja, kila mmoja na upande wake.

"Unanikatia shamba langu?" Harilal alimuuliza, alipoona diski inagawanywa katikati.

"Nusu yako, nusu yangu, pappa. Wewe utaendelea na kadi zako. Mimi nikishaujua huu nitakufanyia mambo, utashangaa."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mafaili yalikuwa katikati ya kunakiliwa, umeme ukakatika. Uliporudi jioni Parth akajaribu, mfumo ukaanza, ukafika mahali ukasimama. Hakukasirika. Yeye alikuwa kijana wa kucheza kriketi, alizoea kutolewa mapema. "Jumatatu nitaufuta niuweke upya," alisema, akamwonyesha baba yake neno la kuandika ili afike kwenye kadi zake, wakapanda ngazi kwenda kula.

Jumapili aliamka na homa. Malaria ikapanda kichwani. Wiki haikuisha, Harilal akawa anauzunguka moto wa kumchomea maiti ya mwanawe, chungu cha maji begani, maji yakimwagika nyuma yake. Kazi ile ni ya mtoto kwa baba yake. Yeye alimfanyia mtoto, na watu wazima wa jamaa walimwongoza kila hatua, zunguka, simama, angusha chungu, usigeuke. Akatii. Alikuwa na shughuli nyingi mno siku ile hata kulia hakukumbuka.

Baada ya siku za matanga, aliamua kwamba vitu vyote vya Parth vitolewe. Ndivyo desturi ya kwao ilivyo, na yeye aliishika kwa mikono miwili: roho ina safari, vitu vinaivuta nyuma. Mkewe, Jasvanti, aliomba abakishe shati moja, lile la bluu. Harilal akakataa. "Tusimfunge," alisema. Basi mashati yakaenda, viatu vikaenda, gongo la kriketi likapewa vijana wa klabu kule Upanga. Jasvanti alifunga kila furushi mwenyewe. Tangu hapo hakukanyaga dukani tena. Chakula cha mchana Evarista ndiye aliyepanda kukichukua.

Na Harilal akashuka chini, akawasha kompyuta, akaandika parth. Mara ya kwanza alikosea tu, au alijiambia amekosea. Ya pili hakukosea.

Sasa, nusu ya diski ni nusu ya diski, hata ukiipenda vipi. Picha za rangi ni nzito, na ile nusu iliyowekewa kadi ilianza kujaa. Evarista ndiye aliyeliona kwanza. Huyu alikuwa mama wa Kimatengo kutoka Mbinga, aliyeingia dukani kama mkata karatasi na sasa ndiye anayepanga kadi nyingi kuliko bosi wake, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mzee, imegoma kuhifadhi. Inasema hakuna nafasi."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu mpaka nimechoka. Si tumwite fundi Awadhi aje airudishe ile nusu ya marehemu? Imekaa bure."

"Ile nusu ni mbovu," Harilal alisema bila kumtazama. "Iache."

Haikuwa mbovu, na alijua. Alivuta kiti akakaa karibu na Evarista, akamwamuru afungue orodha ya kazi za zamani. Hii ya nani? Imeshachapwa? Imeshachukuliwa? Futa. Na hii? Futa. Evarista alisitasita, akasema labda wangezihamishia kwenye disketi, mzee akasema disketi hazitoshi na kazi iliyokwisha imekwisha. Hakuwa na roho mbaya. Kwa akili yake alikuwa anafungua fremu na kurudisha herufi kabatini, kama alivyofanya maisha yake yote. Ikawa ndiyo desturi mpya: kila kazi kubwa ikija, za zamani zinaondoka. Na nusu ya pili ikabaki imelala, haina kitu ndani ila mistari inayosimama.

Siku moja, karibu na saa ya chakula, akaingia Josepha Nchimbi. Mwaka uliotangulia walimchapia karatasi za ibada ya mazishi ya mumewe, Gaudens, zenye picha yake mbele. Sasa misa ya kumbukumbu ilikuwa imekaribia, na alitaka kadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani Mungu anatusaidia. Yale mafuriko ya Jangwani yaliingia mpaka kitandani. Albamu yote imekuwa uji." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kulizoea jambo. "Ile ya Gaudens aliyovaa suti, nayo imekufa humohumo. Nikasema haina neno, kwa Mzee Harilal ipo. Nitoleeni ileile."

Evarista alianza kutafuta. Alitafuta kwa jina la mume, kisha la mke, kisha akawa anatafuta tu ili asiinue uso.

"Mama Josepha," alisema mwishowe, "tuliifuta."

"Mliifuta?"

Harilal akaingilia kwa haraka, kwa sauti ile ya kumtuliza mteja. "Usijali, mama. Tutapanga upya, wala hutalipia kupanga. Lete picha tu."

Josepha alimtazama kama anayesubiri amalizie. "Picha gani, mzee? Si nimekwambia ya nyumbani imekufa?"

Hapo ndipo kazi ya maisha yake yote ilipomgeuka Harilal mkononi. Jina ungeweza kulipanga upya, tarehe ungeweza kuipanga upya. Uso wa Gaudens Nchimbi haukuwamo kwenye kijumba chochote cha kabati.

"Mimi nilimwambia!" Evarista akaropoka, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Nilimwambia, mzee, kuna nusu nzima imekaa bure, tusifute kazi za watu. Nilimwambia!"

"Nusu gani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Jasvanti alikuwa amesimama na vibebeo vya chakula mkononi. Siku hiyo Evarista alichelewa kupanda, na chakula kilikuwa kinapoa, ndiyo maana akateremka mwenyewe.

"Ya Parth, Mama Parth," Evarista alijibu. "Ile aliyoikata kwenye kompyuta. Mzee hataki iguswe."

Josepha hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliuliza kama labda imebaki karatasi moja ya mwaka jana, hata iliyoharibika. Hakuna. Akasema atawauliza wakwe zake Peramiho, ingawa karatasi za msibani watu hujipepelea joto na kuziacha kwenye mabenchi. Akaaga kwa adabu, akatoka, na adabu yake ilimchoma Harilal kuliko tusi.

Jasvanti aliweka chakula juu ya meza, akarudisha mlango, akapita nyuma ya kaunta kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nionyeshe," alisema.

Harilal alizima, akawasha. Kioo cheusi, maneno mawili. Jasvanti hakujua Kiingereza sana, lakini jina la mwanawe alilijua kwa herufi zozote.

"Kisha unafanya nini?"

Akaandika. Mistari ikateremka, ikasimama. Chini kabisa kulikuwa na kidoti kinachowaka na kuzimika.

"Kila siku?"

"Kila asubuhi."

Jasvanti alikiangalia kile kidoti kikiwaka na kuzimika. Aliposema, alisema polepole, na Evarista aliyekuwa kwenye mashine ya kukatia hakuelewa Kigujarati chake ila aliuelewa uzito wake.

"Baba Parth, nilikuomba shati moja. Moja. Ukaniambia tusimfunge. Nikaamini kwamba wewe ni mwanamume, wewe unajua zaidi, na kwamba mimi ndiye mwenye moyo mdogo. Nikatoa. Nilitoa hata kandambili zilizokuwa na alama za vidole vyake. Usiku nanusa kabati tupu. Kumbe wewe huku chini ulikuwa naye."

"Sikuwa naye. Ni mistari tu."

"Ulikuwa na kitu. Mimi sikuachiwa hata hiyo mistari."

Alikuwa amemnyima mkewe kile alichojipa mwenyewe kwa siri, na kumnyima huko akakuita dini. Alilijua hilo sasa. Alitaka kumshika mkono akaogopa.

Jasvanti akavuta kiti. "Zima. Washa. Niandike mimi."

Alitafuta herufi kwa kidole, p, kisha a, r akaikosa kwa muda akaipata, t, h. Mistari ikashuka. Aliisogelea karibu sana, mpaka mwanga wake ukampiga usoni, akaifuata hadi iliposimama.

"Hapa ndipo alipofika," alisema.

"Ndiyo. Umeme ukakatika."

Akatazama bado. Halafu akasema, "Yule mama, mume wake tumemfuta ili huyu akae. Na humu hamna mtu, Baba Parth. Humu hamna mtu."

Harilal mwenyewe ndiye aliyempigia simu Awadhi. Awadhi, fundi wa Mtaa wa Uhuru, alifika na disketi zake kwenye mfuko wa shati. "Mambo, da Eva?" alimsalimu Evarista, na kwa kuwa hakujibiwa "poa" akajua kuna jambo, akawaamkia wazee kwa sauti ya chini.

Harilal akamwomba kwanza aitafute ile picha. Wakakaa mchana mzima. Awadhi alieleza kwamba kilichofutwa hakiondoki palepale, kinabaki mpaka kingine kikalie mahali pake, lakini diski iliyojaa namna ile kila kipya kinakalia cha zamani. Alipata vipande vya kadi za watu, maua, nusu ya msikiti wa mtu. Karibu na jioni akafungua faili moja, na juu ya kioo ikatokea sehemu ya ukuta, na chini ya ukuta nywele zilizochanwa vizuri kwa ubavu. Hapo picha ikakatika. Chini yake yote ilikuwa kijivu.

"Ndiyo hiyo," Evarista alisema. "Ndiye yeye."

"Basi, ndipo mwisho wake, mzee," Awadhi alisema. "Nisikudanganye."

Harilal alizitazama zile nywele. Mtu alizichana kwa uangalifu akiwa anakwenda kupigwa picha, na mimi, alijiambia, nimeufuta uso wake nikiwa natazama mistari. Uchungu uliomjaa haukuwa wa Parth peke yake sasa, na alishindwa kuutenganisha.

"Irudishe ile nusu," alisema.

Awadhi akatia disketi. Alieleza anachofanya, pengine kwa sababu kimya kilimtisha: kwanza airejeshe njia ya kuwashia, liondoke lile swali la mwanzo, maana ukifuta upande ule kabla ya hapo mashine itaamka haijui iende wapi. Akaandika, akazima, akawasha kwa disketi tena. Ikaja orodha fupi yenye pande mbili za diski. Akachagua wa pili. Mashine ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitapotea, ikauliza kama wana hakika, ikataka Y ya ndiyo au N ya hapana.

"Nibonyeze, mzee?"

"Hapana."

Awadhi akasimama, akampisha kiti. Harilal akakaa. Kidole alichojifunzia kompyuta kilikuwa juu ya ile Y, na hakikushuka. Feni ilizunguka. Nje wapagazi wa Kariakoo walipita na mkokoteni, wakigombana. Mzee akamgeukia mkewe.

"Bonyeza wewe. Mimi siwezi."

Jasvanti alikuwa amesimama nyuma yake. Hasira yake haikuwa imekwisha, na wala hakujifanya imekwisha.

"Mimi nilishatoa vyangu vyote," alisema. "Hiki ni chako."

Harilal akabonyeza. Haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi. Orodha ikabaki na mstari mmoja tu, na chini yake nafasi tupu.

Akainamia kibodi, akalia kwa sauti, mbele ya fundi, mbele ya Evarista, mlango ukiwa haujafungwa vizuri na watu wakipita barazani. Awadhi akageukia ukutani. Evarista akajifunika uso kwa khanga. Jasvanti aliweka mkono wake juu ya mgongo wa mumewe, akauacha pale, na hakumwambia anyamaze.